Kushoto kwa Nani

Fundi cherehani alikuwa ameiunda ndege yake kwa miaka saba, na asubuhi hiyo alikwisha kuketi ndani yake, tayari kuirusha kwa mara ya kwanza. Mkewe alisimama mbele ya pua ya ndege kumsaidia ukaguzi wa mwisho. Fundi akalaza usukani kushoto. Ulimi wa nyuma ya bawa la kushoto, kibao cha kuilaza ndege upande huo, ulipaswa kuinuka.

"Wa kushoto umeinuka?"

"Umeinuka, Baba Watoto."

Akapeleka mkono kwenye swichi ya injini, kisha akasita. "Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu! Nitajuaje kushoto kwako, nami nimekuelekea uso kwa uso?"

Akageuza shingo kutazama. Ulimi wa kushoto kwake ulikuwa umelala chini. Nyaya za kuvutia ndimi hizo alizifunga akiielekea ndege, kama anavyomwelekea mteja anayempima koti. Lau angepaa hivyo, ingempindua kabla hajavuka uzio.

"Alhamdulillahi," akanong'ona, akashuka.

"Hurushi tena? Na majirani nimekwisha kuwaita!"

"Waambie wakae kivulini, mke wangu. Koti nimelishona ndani nje."

Akachukua koleo, akaanza kuzifungua nyaya, safari hii akielekea iendako ndege.