Shamba Lililosogea Shubiri Moja

Kitendawili, nakutegea wewe unayesikiliza: nina majirani walio juu, hawana mlango wala jiko, wanapita mchana kutwa wakinitajia saa. Sijamwona hata mmoja, lakini bila wao sijui nilipokaa. Ni nani hao? Fikiri taratibu. Usikimbilie kunipa mji, maana mji ninaoutaka ni Varna, na huo una habari yake.

Kitendawili hicho alikitunga Bibi Tsonka wa nyanda za Dobruja, vuli ile mjukuu wake Nevena alipopanda mteremko na sanduku kifuani kama mtu aliyebeba kitoto cha kondoo. Ngano ilikwisha kuvunwa zamani, mabua yamesimama shambani kama ndevu za mgane asiye na wa kumkumbusha wembe. Bibi alikuwa uani akichambua maharagwe.

"Bibi, naomba nguzo yako," alisema Nevena, hata salamu hajamaliza.

"Nguzo gani tena? Mwenzako huja kuomba mayai."

"Ile ya lango la juu."

Lango lenyewe liligeuzwa kuni za jikoni katika majira fulani ya baridi. Ilibaki nguzo moja ya mawe, pana, imeelekea mashambani, na juu yake hamna mti wala waya, mbingu tupu. Nevena akafungua sanduku. Kitu chenyewe kilikuwa cheupe, cha mviringo, kama bakuli la mtindi lililofunikwa kifudifudi. Kilisimama juu ya mlingoti mfupi, na mlingoti umekaa kwenye bamba zito la chuma. Aliliweka bamba katikati ya nguzo, akavuta waya mpaka jikoni kwenye umeme. Kitaa chekundu kikawaka.

"Sasa kinafanya nini?"

"Kinasikiliza, bibi. Ni kipokezi."

"Kinamsikiliza nani? Hapa juu nimebaki mimi na kuku."

"Setilaiti. Zinazunguka dunia huko juu. Kila moja inapita ikisema, mimi niko hapa, na saa kwangu ni hii. Hiki kinazisikia zote, kinapiga hesabu, kinajua kilipo."

"Zinataja saa tu? Hazisalimii?"

"Hazisalimii."

"Basi hazikulelewa."

Nevena alicheka, akaketi kwenye ukingo wa karai la maharagwe hata bibi akamsogeza kwa kiwiko. Akaeleza yaliyobaki. Trekta nayo inazisikia setilaiti, ila sauti yao hupinda kidogo hewani, na trekta haiwezi kujua imepinda kiasi gani. Kipokezi cha nguzoni hakisogei. Kwa sababu hakisogei, setilaiti zikikiambia uko kule, kinajua si kweli, na kinajua zimekosea kwa kiasi gani. Kosa hilo kinaitangazia trekta, nayo inajirekebisha, inapita palepale ilipopita, isizidi upana wa kidole, leo na mwakani.

"Aa," alisema Bibi Tsonka, "kumbe ni ndoa yangu na babu yako. Yeye azunguke, mimi nikae nimwambie alipokosea."

Kipokezi kilitakiwa kikae siku nzima kikisikiliza, ndipo kiwe na hakika ya mahali pake. Nevena aliandika mahali hapo ndani ya mashine, basi. Wiki ile Mzee Kanyo, dereva wa trekta, mtu wa midomo mikubwa na moyo mwepesi, alichora shamba lote la Nevena kwa mistari ya udongo mweusi uliolainishwa, na mbolea ikafukiwa ndani ya mistari hiyo tu. Baridi ikiisha, mbegu za alizeti zingepandwa juu ya mistari ileile. Zikianguka pembeni, kwenye ardhi ngumu ya mabua, mbolea ingelala peke yake na alizeti ingelia njaa mlangoni pake.

Lakini siku ile ya kwanza, kabla hajashuka mteremko, Nevena alisimama kwenye mlango wa jikoni, anazungushazungusha ufunguo wa gari.

"Hiki kinataka umeme, bibi. Kinataka nyumba yenye mtu. Kwangu kule bondeni miti imeziba mbingu. Na mama anasema utahamia Varna baada ya Pasaka, nyumba iuzwe. Nataka kukuuliza tu, utakaa au utakwenda?"

Bibi Tsonka alitazama maharagwe yake. Snezhana, bintiye, mama yake Nevena, alikuwa amemwandalia chumba chenye roshani, na ukutani bomba la joto linalowaka lenyewe bila kuni. Usidhani bibi hakulitamani. Magoti yake yalilitamani usiku kucha. Wanawake wengine wa umri wake hujidai hawataki mjini. Yeye alitaka mjini na alitaka hapa, vyote viwili kwa nguvu moja, kama mtoto mbele ya sahani mbili.

"Kwanza kitu chako kijue kilipo," alisema. "Kikishajua, labda kitaninong'oneza na mimi."

"Hilo si jibu, bibi."

"Si jibu. Nenda, gari lako linapoa."

Majira ya baridi yakaja na theluji yake. Kitaa kilikwisha kugeuka kijani, ishara kwamba kipokezi kimejua kilipo, na bibi alizoea kukitazama dirishani huku anakunywa chai ya maua ya porini. Theluji ilifunika ua, kisima, banda, mteremko wote, ukawa weupe mmoja usio na mwisho, na katikati yake nukta ya kijani. Kulikuwa na nyakati alizoona kana kwamba nyumba yake imeng'oka na kuelea, na nukta ile ndiyo msumari ulioishikilia. Akawaza wale majirani wa juu, wanapita na kupita kila mmoja na saa yake, hakuna anayechelewa, hakuna anayekaribishwa ndani. Akawahurumia. Siku moja aliwapungia mkono, kisha akatazama huku na huku asije akawa ameonwa na kuku.

Snezhana alipiga simu kila Jumapili. "Mama, nimekununulia godoro." "Mama, lifti imetengenezwa." Bibi alisema asante kwa godoro na asante kwa lifti. Nevena hakuuliza tena, na kule kutouliza kulimkaa bibi kifuani kuliko simu zote.

Pasaka ikakaribia. Mwanamke wa Dobruja anayejiheshimu haingii Pasaka na kuta chafu, hata kama nyumba itauzwa. Jumatano ya Juma Kuu Bibi Tsonka alikoroga chokaa kwenye ndoo, akapaka ukuta wa jikoni, akapaka shina la mti wa plamu, akapaka mdomo wa kisima. Jioni haijafika alijilaza kwenye benchi kwenye jua, mikono imekauka myeupe, usingizi ukamchukua.

Akaota mtu amekamata upindo wa shamba kama kitambaa cha meza, anavuta polepole. Shamba likateleza. Mistari myeusi ikateleza, na ndege waliokuwa wakiimba juu yake wakateleza na wimbo wao, na kijiji bondeni, na kanisa, na ng'ombe wakitafuna, hata supu haikumwagika kwenye sahani ya mtu. Kila kitu kilikwenda kidogo tu kando, kikatulia. Aliyekuwa akivuta hakuonekana uso, ila vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Alhamisi ndiyo siku ya kuchovya mayai ya Pasaka kwenye rangi nyekundu, na kwa Nevena ilikuwa siku ya mwisho ya kupanda. Ijumaa Kuu hakuna anayetia chuma ardhini, hata Mzee Kanyo ambaye kanisani huenda kwa harusi tu. Na mashine ya kupandia ilikuwa ya kukodi, mwenyewe angeichukua Jumamosi. Asubuhi Nevena alipita, bibi akamkamata, akamsugua mashavu yote mawili kwa yai la kwanza jekundu ili awe na afya mwaka mzima.

"Bibi, nina miaka ishirini na tisa!"

"Na mashavu yaleyale. Nenda kapande."

Haikupita muda mrefu gari likarudi likirusha kokoto. Nevena alishuka, mashavu mekundu na macho mekundu pia, na Mzee Kanyo nyuma yake.

"Shamba limesogea," alisema Nevena.

Bibi Tsonka aliacha kijiko kikazama ndani ya rangi. "Limesogea kwenda wapi?"

"Shubiri moja. Trekta inapita upande wake wa mashariki. Mashine inapanda kwenye mabua, mistari yangu iko kando pale inanitazama! Nimezima nimewasha, nimekagua nyaya zote. Nilikosea tangu vuli, bibi. Nilipima vibaya."

"Mimi nimemwambia abonyeze kitufe, asogeze mstari kwenye skrini, tuendelee," alisema Kanyo. "Kakataa. Kichwa kama cha bibi yake."

"Nikisogeza leo bila kujua sababu, kesho kitahama tena. Nitakimbizana nacho mpaka lini?"

Bibi akakaa chini. "Nililiona," alisema. "Jana. Lilikuwa linavutwa kama kitambaa cha meza, na mtu mwenye vidole vyeupe..."

"Bibi, tafadhali, si ndoto sasa hivi."

Lakini Mzee Kanyo hakuwa akisikiliza. Alikuwa ametupa macho juu ya ua, mpaka kwenye lango la zamani. "Mama Tsonka," alisema taratibu, "nguzo ile mbona inameremeta?"

"Nimeipaka chokaa. Ingebaki chafu peke yake? Ingenitia aibu."

"Na kile kibakuli ulikipakaje chini?"

"Kwani nina wazimu nikipake? Nilikibeba nikakiweka kwenye kiti, nikampangusa vumbi maskini, nikapaka, nikamrudisha. Pale katikati palikuwa hapajakauka, nikamweka kwenye ukingo. Uzito wake! Kiuno bado kinanisema."

Kuku mmoja akasema neno lake. Kisha Kanyo akapiga paja akacheka mpaka akashika ukuta, ukuta ukamwachia chokaa mkononi. Nevena alifunika uso, mabega yakitikisika, bibi asijue analia au anacheka, mpaka alipofunua.

"Bibi," alisema, akipumua kwa shida, "ukikisogeza hicho shubiri moja, kinadhani bado kiko mahali pake, kinaidanganya trekta shubiri ileile. Umesogeza shamba zima."

"Mimi?"

"Wewe na brashi yako. Na mimi. Nilisema nitakuja kukifunga kwa skrubu, nikaona bamba ni zito, nani atalinyanyua."

"Babu yako sikuweza kumsogeza kutoka kwenye kiti chake," alisema Bibi Tsonka, kwa mshangao wa kweli. "Shamba zima?"

Chokaa ilikuwa imefuta alama zote, hapakuwa na doa la kuonyesha bamba lilikaa wapi. Basi wakafanya hivi: Kanyo alirudi shambani akakaa ndani ya trekta iliyosimamishwa sawasawa juu ya mstari mweusi, simu sikioni, macho kwenye skrini. Nevena alisimama uani na simu yake. Bibi, kwa kuwa alisema mkono uliolipeleka ndio unaojua njia ya kurudi, alisimama kwenye nguzo, vidole gumba vimeegemea bamba.

"Magharibi, bibi. Polepole. Basi. Ngoja kwanza, kinatafakari."

Wakangoja. Kutoka mbali sauti ya Kanyo ikasema bado vidole vitatu.

Bibi akasukuma tena, kama mtu anayesogeza utoto wa mtoto aliyelala. Akaona jinsi mashamba yote chini yake, meusi na ya manjano, yalivyokuwa yakiitikia kidole chake. Kule mwisho, penye makaburi, alilala mumewe. Tunasogea kidogo, mzee, alimwambia moyoni, usigutuke. Upepo ulikuwa hauna haraka. Juu kabisa majirani walipita, wakataja saa, wakapita.

"Kidole kimoja," alisema Nevena. "Nusu. Bibi, usipumue! Hapo! Mzee Kanyo anasema hapo!"

Nevena alitoboa jiwe palepale, akafunga bamba kwa skrubu nne, akamwagia simenti kuzunguka. Kisha akateremka mbio. Kutwa nzima bibi alisikia trekta ikienda na kurudi, sasa karibu, sasa mbali, na mayai yalipoa kwenye bakuli bila kuliwa. Jua lilipoelekea kuzama mngurumo ulikatika. Ardhi ikaachwa ipumzike na chuma chake cha mwisho.

Nevena alikuja na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye benchi karibu na bibi. Simu ya bibi ikalia, akaibonyeza iseme kwa sauti, maana masikio yake hayapendi kubanwa.

"Mama," alisema Snezhana kutoka Varna, "Jumatatu nije na gari letu dogo, au nitafute lori la vyombo? Yule mnunuzi ananisubiri. Niambie leo."

Nevena alitazama viatu vyake. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi, anauzungusha.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema Bibi Tsonka. Akamgeukia mjukuu. "Hicho kitu chako hulala lini?"

"Kulala vipi?"

"Trekta zikiwa bandani. Theluji ikiwa imejaa."

"Basi hakina kazi, bibi. Toka Desemba mpaka Machi hata ukikizima ni sawa. Baadaye ndiyo hakiwezi kukosa umeme, mpaka mbolea ya vuli iishe."

"Mama, upo?" aliita Snezhana.

"Nipo," alisema Bibi Tsonka. "Jumatatu njoo na gari dogo, uje ule mayai, na huyo mnunuzi mwambie atafute penginepo. Godoro langu usimpe mtu. Mwezi wa Desemba nakuja kulilalia, karibu na lile bomba, nawe utanichosha kwa lifti yako. Na Machi, kabla hawajatia chuma ardhini, mnirudishe."