Sauti ya Jogoo

Kabla ya kuanza kusoma, mtangazaji mstaafu alivua bangili zake akaziweka kwenye kisahani, maana maikrofoni haifichi kitu. Fundi wa sauti alizima jokofu la chumba cha pili, akaziba upenyo wa mlango kwa taulo, kisha akamwonyesha dole gumba kutoka nyuma ya kioo. Asubuhi hiyo walianza kurekodi riwaya ambayo kila aliyepita sekondari ameisoma: kijana anaingia chuo kikuu na sanduku lake la bati, anapata rafiki, anapenda, anagoma, anahitimu na kuwa mtu mzima. Mwandishi wake sasa alikuwa profesa mstaafu, na ukumbi mkubwa wa chuo ulikuwa na jina lake.

Kampuni ya vitabu ilimchagua mtangazaji kwa kuwa nchi nzima iliijua sauti yake. Hawakumuuliza mengine, naye hakusema kwamba Jogoo, yule rafiki mcheshi wa kitabuni aliyelala kitanda cha chini, alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Kaka alirudi nyumbani kabla ya kumaliza masomo, asiseme sababu, akaugua, akafa. Baadaye kitabu kilitoka, na baba yao akasoma humo kwamba mwanawe aliacha chuo kwa hiari yake. Tangu siku hiyo mzee hakukanyaga tena kaburini kwa mwanawe.

Jogoo anatokea mara ya kwanza bwaloni, katika sura ya pili. Mtangazaji alivuta pumzi ayaseme maneno yake, lakini Jogoo akamtangulia.

"Haya maharage yako mwaka wa nne," ilisema sauti ya kijana kwenye maikrofoni, "sisi ndiyo kwanza tunaingia. Tuyaamkieni, ni wakubwa zetu."

Fundi alitazama mtambo, akapunguza sauti kidogo kwa sababu mgeni alikuwa amesogea karibu mno. Aliomba warudie, akamshauri asiielekee maikrofoni moja kwa moja. Jogoo alirudia, safari hii vizuri zaidi.

Wakati wa mapumziko, kiti cha pili kililia kama kinavyolia kikikaliwa.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Wewe ndiye uliyechelewa, Kaka."

Jogoo alimuuliza habari za baba, akaambiwa ametangulia. Akashangaa kidogo, kwa kuwa hawakuwa wamekutana huko. Alimuuliza habari za mama, akaambiwa yupo, macho yamekwisha ila masikio bado makali. Fundi akaleta kiti kingine kisicholia.

Wakaendelea hivyo. Dada alisimulia, kaka akasema yaliyokuwa yake. Mhariri wa kampuni alipita kusikiliza sura za mwanzo, akasema kijana huyo ana kipaji, akataka kujua jina lake liandikwe vipi. Mtangazaji alimwambia aandike Jogoo.

Walipofika sura ya kuondoka, Profesa mwenyewe alikuja, akaketi karibu na fundi. Kitabuni, mgomo umekwisha kuzimwa. Jogoo anafunga virago, anacheka na kusema, "Naondoka kwa hiari yangu, jirani. Dunia nayo ni chuo." Wanafunzi wengi huiandika sentensi hiyo kwenye kuta za mabweni.

Jogoo hakuisema.

"Jirani," alisema, "mkuu wa chuo alitaka jina la mchochezi mmoja wa mgomo, ukampa langu. Wewe ukabaki, mimi nikafukuzwa. Tena ulinisaidia kufunga mizigo."

Fundi aliendelea kurekodi. Profesa alivua vipokea sauti masikioni, akavifuta kwa leso, akavirudisha mahali pake. Alisema mambo yalikuwa hivyo hivyo.

"Lakini kitabu ni kitabu," aliongeza. "Watu wameshakizoea hivi."

Kisha alimuuliza Jogoo kama bado anakohoa. Jogoo alijibu kwamba aliacha.

Mhariri aliitwa. Alimwomba Jogoo kwa adabu asome kama ilivyochapwa, naye akakataa kwa adabu. Mhariri akamgeukia mtangazaji. Ama yeye aiseme sentensi ile moja, na sauti ya kijana ibaki kwingine kote, au kazi yote ifutwe apewe msomaji mwingine. Mtangazaji aliomba nafasi kidogo, akavuta kiti chake karibu na kile cha pili.

"Nikiisoma nitakuwa nimekusingizia, Kaka."

"Usipoisoma, Mama hatanisikia. Isome tu. Ila usicheke. Mimi sikucheka."

Akaisoma bila kucheka. Hapakuwa na haja ya kurudia.

Simulizi ilitoka, shule zikaipokea. Mtihani wa mwaka huo uliuliza kwa nini Jogoo aliondoka chuoni, na walioandika kwamba ni kwa hiari yake walipata alama zote.

Mtangazaji aliipeleka kwa mama yake kwenye simu, akaiweka mapajani mwake. Kwenye maharage mama alicheka mpaka akafuta machozi, akasema huyo mtoto hakuwahi kukiheshimu chakula. Alisikiliza siku nyingi, akiinama kila Jogoo alipozungumza. Kwenye sura ya kuondoka aliinua mkono.

"Huyo si yeye. Hapo umesema wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Yeye alisemaje?"

Binti alimweleza yote, lile jina na ule msaada wa kufunga mizigo. Mama alisema baba yao alipaswa kuyasikia hayo. Simuni hadithi ilikuwa imeshafika siku ya mahafali: kijana wa kitabuni anaitwa jukwaani, na fundi alikuwa amechomeka hapo makofi ya ukumbi mzima.

Mama akamwomba binti yake apunguze sauti. Makofi yalikuwa mengi mno.