Chupa Mbili za Damari na Evodia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Julai 1998, saa tatu asubuhi, Damari akiwa anapepeta uwele nyuma ya nyumba. Mumewe, Mughwai, alikuwa upande wa pili akichonga mfuniko wa mzinga. Alisikia ungo unaanguka, akadhani ni kuku. Alipozunguka alimkuta mkewe kakaa chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wa kwake. Damari alijaribu kusema neno, likatoka povu. Walimbeba kwa kitanda hadi zahanati, na kabla jua halijafika utosini akawa ameshakata roho. Mganga wa zahanati alisema ni kiharusi, presha ilipanda.

Hapo ndipo Mughwai alipouliza swali lake la kwanza. Presha ilipandaje, wakati Damari alikuwa kwenye dawa ya presha miezi sita, dawa ya wataalamu, iliyoletwa na gari jeupe kutoka Dar?

Wataalamu hao walikuja mwezi wa kwanza mwaka ule, barabara ya Itigi ikiwa bado imeliwa na mvua. Zilikuwa siku ambazo kila kitu kimeachiwa soko. Asali waliyokuwa wakiiuza kwenye chama cha ushirika sasa ilinunuliwa na wachuuzi waliopanga bei wakiwa juu ya lori. Zahanati nayo ilikuwa ya kuchangia, na ukishachangia unaambiwa dawa imekwisha, kaangalie duka la pale njia panda. Kwa hiyo gari lilipofika na kutangaza kwamba watu wenye presha watapimwa na kupewa dawa bure mwaka mzima, kijiji kilijaa uwanjani.

Mughwai hakupenda. Alisema serikali inayokutoza hata kitambaa cha kidonda haiwezi kukupa dawa ya mwaka mzima bila kuwa na kitu nyuma yake. Lakini kichwa cha Damari kilikuwa kinamgonga kila alfajiri, naye akaenda, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Aliyemfuata kwenye foleni alikuwa Evodia, mke wa Nathanaeli, mwenzake Mughwai wa mizinga. Damari akapewa chupa namba thelathini na moja, Evodia thelathini na mbili.

Mkuu wa wale wataalamu aliitwa Daktari Raymond. Hakuwa mtu wa dharau. Alimpa shikamoo kila mzee. Akaeleza kwamba dawa ni za aina mbili, na madaktari duniani wanabishana ipi inamlinda mtu zaidi. Mzee mmoja akamuuliza huyu kapata ipi na yule kapata ipi. Daktari akajibu kwamba hata yeye hajui. Orodha imefungwa Dar ili mtu yeyote asipendelee upande.

Neno hilo lilimkera Mughwai. Daktari anakupa kitu umeze, halafu anakwambia hakijui?

Jumapili iliyofuata Nathanaeli na mkewe walikuja kutembea. Chupa zikatolewa, zikawekwa kwenye mkeka. Vidonge vilifanana, vyeupe, vya mviringo. Nathanaeli akachukua kimoja cha mkewe akakigusisha ulimi, akakunja uso. Kichungu. Mughwai akaonja cha Damari. Hakikuwa na uchungu wowote, kilikuwa kama chokaa ya ukutani.

"Unaona," alisema Mughwai. "Mke wako kapewa dawa. Wangu kapewa chaki."

Nathanaeli hakubisha. Wakafanya kile ambacho wangefanya kwa asali. Watu wa mizinga wa kijiji kile, wakitoka porini, hawagawani kwa mzinga. Mzinga wangu unaweza kuwa na masega meupe, wako una asali nyeusi ya ukali, wa yule siafu wamemaliza. Yote hutiwa chombo kimoja, ikakorogwa, ikagawanywa kata kwa kata, asiwepo wa kurudi nyumbani na manundu ya nyuki peke yake. Anayetaka kubaki na ya kwake huyo hapati tena mwenzi wa kuingia naye porini.

Damari peke yake ndiye aliyesita, akamgeukia mumewe. "Baba Eliana, daktari kasema kila mtu ameze za kwake."

"Daktari kasema hajui. Asiyejua anakukatazaje?"

"Mama Eliana," Evodia akaingilia akicheka, "acha tu tuchanganye. Hii yangu inanitapisha, na wewe upate kutapika kidogo."

Wakacheka wote, hata Damari. Vidonge vikamiminwa kwenye ungo, vikachanganywa kwa kiganja, vikarudishwa kwenye chupa kwa idadi ileile. Wakafanya hivyo kila mwezi, vidonge vipya vilipoletwa. Wataalamu walipokuja kuhesabu vidonge, hesabu ikawa barabara, mpaka wakasema hakuna kijiji kinachofuata masharti kama hiki.

Damari alipokufa, gari jeupe lilifika siku ya tatu baada ya mazishi. Walileta khanga na mchele, wakatoa pole vizuri, kisha wakaomba chupa. Mughwai aliwapa, lakini aliwatazama wakiifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuandika juu yake. Kwa nini waitake chupa kama hawana cha kuficha? Tangu siku hiyo alimwambia kila aliyemsikiliza, na wengi ambao hawakutaka kumsikiliza, kwamba mkewe alilishwa chaki ili wakubwa waone atachukua muda gani. Alikwenda kwa mtendaji wa kata, akaambiwa aandike barua. Alipata mtu wa kumwandikia, akaambiwa barua haina muhuri. Alikwenda Manyoni kwa treni, akakaa kwenye benchi siku mbili, akaambiwa mhusika yuko semina.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, wataalamu walirudi kusoma majibu. Watu walikusanyika kwenye darasa la shule. Mughwai alikaa mbele kabisa, mikono kwenye magoti, akamsubiri Daktari Raymond ajikoroge.

Daktari hakujikoroga. Alisema hakuna aliyepewa chaki. Aina zote mbili zilikuwa dawa kamili. Ile chungu ni ya zamani, inajulikana miaka mingi. Ile isiyo na uchungu ni mpya, ya ng'ambo, na wako madaktari wanaoapa kwamba inazuia kiharusi kuliko ya zamani. Wengine wanasema ni maneno ya wauzaji. Ndiyo maana wakaja kupima. Na jibu la hapa lilikuwa kwamba hakuna tofauti. Waliomeza hii na waliomeza ile, presha zao zilikwenda sawasawa.

Mughwai akasimama, akauliza mkewe alikuwa kwenye ipi. Daktari akafungua faili, akateremsha kidole.

"Namba thelathini na moja. Mama alikuwa kwenye dawa mpya, mzee. Kifo chake kimeandikwa upande huo."

Kumbe ile aliyoiita chaki ndiyo iliyokuwa mpya. Mughwai alibaki amesimama. Nyuma yake Evodia alikuwa anajikuna shingo, mzima, na Nathanaeli alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mughwai alijua akikaa chini, jambo limekwisha. Lawama itabaki kwenye gari jeupe, palepale alipoiweka yeye mwenyewe miezi minane. Akisema, watu wote hawa watatoka hapa na jina jipya la kumwita.

"Kifo hicho mmekiandika uongo," alisema. "Mke wangu hakumeza mpya. Alimeza nusu hii na nusu ile. Nilichanganya mimi. Kwa kiganja changu hiki."

Daktari akauliza alichanganya na za nani, na Evodia akainua mkono kabla mumewe hajamvuta nguo. Kisha kutoka karibu na dirisha mwanamke anayeitwa Lea akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata wao walichanganya, yeye na mke wa Marko. Marko akamkemea, halafu naye akakiri. Daktari Raymond akaomba waliochanganya wote wanyooshe mikono. Akaihesabu, akafika ishirini na sita, akaacha kuhesabu.

"Kwa nini hamkutuambia?" aliuliza, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mlituuliza tuwaambie?" Mughwai akajibu. "Mliuliza choo kiko umbali gani. Mliuliza tumezaa wangapi. Hamkuuliza tunagawanaje kitu."

Daktari alikaa kwenye dawati la mtoto, akaandika ukurasa mzima. Mughwai akamwendea karibu, maana hili hakutaka lisikike na kila mtu, akamuuliza kama kuchanganya ndiko kulikomuua Damari. Daktari alisema hajui. Safari hii Mughwai alimwamini. Daktari aliahidi atalifikisha kwa wakubwa wake, walichunguze, na jibu litakuja kwa barua.

Zimepita mvua mbili, barua haijaja. Zahanati inatoa ile chungu, na mlangoni wamebandika karatasi ya wizarani. Evodia, aliyefika darasa la saba, alimsomea Mughwai: utafiti umeonyesha dawa zote mbili ni sawa. Juu ya ungo na kiganja haisemi kitu. Mughwai haamini kwamba wakubwa waliambiwa, na kama waliambiwa, haamini kwamba walitaka kusikia. Lakini hilo ni lao. Lake analiuliza kila gari la serikali linaposimama hapo kijijini, akishika mlango ili dereva asiondoke, na wote humtazama kama mgonjwa wa akili: Damari angeachwa ameze zile za kwake peke yake, angekuwepo leo?