Zamani Tuohy

Kwa wiki tatu Sorcha aliisumbua ofisi ya usajili pale Galway kwa ajili ya neno moja. Mama yake, Philomena, alikuwa anakufa kwa mapafu, na alitaka kwanza jiwe la kaburi la bibi yake lichongwe. Kwao mwanamke huandikwa jina la ukoo aliozaliwa. Bibi Brigid, aliyemlea Philomena tangu uchanga, hakuwahi kulitaja lake.

"Haya tena, dada," karani alisema, akimsogezea cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa sita wa Brigid. "Mama wa mtoto: Brigid Tuohy, zamani Tuohy. Kama vile vitano."

"Tuohy ni jina la mumewe, na 'zamani' ni la kabla ya ndoa. Labda aliolewa na binamu."

"Ama aliyeleta habari alikuwa na roho mbaya. Hebu tazama huku chini."

Chini palikuwa na alama ya msalaba, sahihi ya asiyejua kuandika, ya Honor Tuohy, mama mkwe wa Brigid. Kwa vyeti vyote sita alikuja yeye. Mara sita kizee kile kiliulizwa mkaza mwanawe katoka wapi, na mara sita kikamnyima kwao. Sorcha alimchukia mtu aliyeoza zamani, na hakuona haya.

Mtoto wa saba alizaliwa Honor akiwa ameshazikwa. Brigid alikuja mwenyewe, akatia sahihi. Kumbe alijua kuandika. Cheti cha saba kilisema: zamani Maughan.

Nyumbani, mama alikisoma cheti mara mbili, kisha akakilaza kifudifudi.

"Maughan hawa hawa?"

"Hao hao, Mama."

Akina Maughan walikuwa watu wa barabarani, wa nyumba za magurudumu. Mwaka jana tu Philomena alizungusha karatasi kijiji kizima ili wasipewe kiwanja karibu na shule. Sahihi ya pili, chini ya yake, ilikuwa ya Sorcha.

"Bibi alikuwa ananisuka nywele kila asubuhi," mama alisema. Akakohoa kwa muda mrefu. "Mwambie fundi aandike Tuohy."

"Mama, ulimwahidi bibi yako jiwe lenye jina la kwao."

"Sikujua namwahidi nani. Watu watalisoma lile jiwe, mwanangu. Mimi sitakuwepo, wewe ndiye utakayebaki nao."

Sorcha alitafuta la kujibu, akalikosa. Uchungu ni kwamba hakulitafuta sana. Alimpigia simu mchongaji. Akaombwa alitaje jina herufi moja moja, akalitaja: T, U, O, H, Y.