Ufunguo wa Shaba na Mfupa

Sikuwa na gari. Sikuwa na leseni ya kuendesha, wala ndugu polisi, wala mtoto wa kiume wa kunibebea mzigo. Sikuwa na sauti ya kujaza ukumbi. Cheti changu cha shule nilikipata kichwa kimeshaota mvi, katika masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana wa rika la wajukuu wangu. Na siku ile ya ghasia za uchaguzi, pale Makina, Kibera, mke wangu Kasyoka akiwa amelazwa juu ya mlango tuliokuwa tumeung'oa, mguu wake umeviringwa kanga iliyolowa damu, nilikosa kitu kidogo kuliko vyote hivyo. Nilikosa ufunguo.

Gari lilikuwepo. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Pikapu ya chama chetu ilikuwa imeegeshwa kando ya ukuta wa msikiti, tangi lina mafuta, na dereva wake Shivachi amesimama hapo hapo. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka Lindi, tulikotoka mbio. Vijana waliochoma safu yetu ya nyumba hawakutuuliza tulimpigia nani kura. Walisikia lafudhi yetu ya Kikamba, ikawatosha. Ukuta wa jirani ulimwangukia Kasyoka tukiwa tunakimbia.

Shivachi alijaribu bisibisi. Alijaribu koleo. Usukani ulikuwa umejifunga, haukugeuka hata kidogo.

"Mzee Nyamai," aliniambia huku jasho likimtiririka, "nimeendesha magari maisha yangu yote na sijawahi kuiba hata moja. Leo natamani ningekuwa mwizi."

Ufunguo ulikuwa Kawangware, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Kimanzi. Nitaeleza ulifikaje huko, kwa sababu haukupotea wala haukuibwa. Ulipambwa.

Chama chetu hakikuwa cha siasa. Tulikuwa wapangaji tu, Wakamba na Waluhya wa Lindi, Kianda na Kawangware, tuliochoka kuomba magari ya watu kila tulipopata mgonjwa au maiti ya kusafirisha. Tulichanga, tukanunua pikapu kuukuu, ikaja na ufunguo mmoja ambao meno yake yalikuwa yamelika. Shivachi aliugeuza kwa kuuinua kidogo, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wake pale Makina, na kila mwanachama alijua mahali pa kubisha hodi.

Mimi nilikuwa katibu. Katika mkutano wa mwisho kabla ya uchaguzi wa 2007, nilisimama nikapendekeza tuchongeshe ufunguo mpya, tena na wa akiba, kabla ule wa zamani haujavunjikia ndani. Fundi wa funguo alikuwa ng'ambo ya barabara. Tungemaliza kunywa chai naye amemaliza kuchonga.

Kimanzi alikuwa na fikira nyingine. Mgombea mmoja alikuwa amekubali kuja kutukabidhi gari mbele ya watu, gari ambalo hakulichangia hata gurudumu, na Kimanzi aliona haya kumshikisha mheshimiwa kipande cha chuma kilicholika. Alitaka kichwa cha ufunguo kivikwe shaba na mfupa wa ng'ombe uliong'arishwa, ile kazi ambayo mafundi wa Kibera huwauzia watalii, jina la chama lichorwe juu yake na shada la shanga lining'inie chini. Pesa iliyokuwa imebaki ilitosha jambo moja.

"Bwana Katibu," alisema, "huo ufunguo wako mpya utaonekana wapi kwenye picha?"

"Hautaonekana," nikamjibu. "Utawasha gari."

"Na wa akiba je? Katibu anataka funguo mbili kama mwenye wake wawili," akadakia Jentrix, mweka hazina. Akamgeukia mke wangu. "Mama Kanini, una habari?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mikono ikainuliwa, na shaba ikashinda.

Sitasema haukupendeza. Mheshimiwa aliuinua juu, wanawake wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Watu walipotawanyika, Shivachi akanyoosha mkono kuuchukua. Kimanzi akautia mfukoni mwa koti lake.

"Hiki si kitu cha kutundika kwa msumari, kijana."

Tangu siku hiyo, dereva wetu alikuwa akienda Kawangware kuuomba kila asubuhi penye safari, na jioni kuurudisha. Nilipinga. Nikaambiwa nina wivu wa cheo. Basi nikaandika upinzani wangu katika kumbukumbu za mkutano, kwa mwandiko mzuri, nikadhani nimefanya kazi.

Sasa nilikuwa nimesimama Makina, moshi ukituingia machoni. Nilimpigia Kimanzi kwa salio dogo nililokuwa nalo, maduka yote yakiwa yamefungwa.

"Kasyoka ameangukiwa na ukuta," nikamwambia. "Mguu umepondeka. Tunataka gari."

"Pole sana, Katibu. Lakini huku matairi yanawaka kila kona."

"Toka kwa miguu. Shivachi atakuja mkutane njiani."

"Nitoke na kitu kama hiki mfukoni? Si wataninyang'anya. Usiwe na wasiwasi, ufunguo uko salama kabisa. Nimeuviringa kwa kitambaa."

Nilitaka kumwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Salio likaisha.

Shivachi alipata mkokoteni wa kubebea maji. Tukaulaza ule mlango juu yake pamoja na mke wangu, akausukuma. Kwenye barabara kuu polisi walitukataza kupita, tukarudi nyuma. Vijana wenye mapanga walitusimamisha kwenye njia ya pili, na Shivachi akawaambia kwa Kiluhya kwamba huyu ni mama yake mzazi, na mimi akaniita bubu. Wakatuachia. Hata hivyo hatukufika mbali, tukajificha katika ua wa kanisa mpaka kulipopambazuka. Hospitalini, daktari alifunua ile kanga akautazama mguu.

"Mngemleta jana," akasema.

Walikata chini ya goti.

Baadaye wakubwa wa siasa walipeana mikono, nasi tukaambiwa tusamehe. Waliochoma nyumba yangu siwajui hata kwa sura, na hasira isiyo na sura huchoka yenyewe. Kimanzi namjua. Najua kanisa analosali, najua kicheko chake. Hasira yangu kwake ina anwani, na mimi ni mtu niliyejifunza kuandika anwani vizuri.

Alikuja kututembelea Kianda, tulikohifadhiwa, mvua za Aprili zimeanza. Alileta mkate. Kulikuwa na wafadhili, alisema, waliokuwa wakisaidia vyama vilivyookoa watu wakati wa vurugu. Walitaka barua ya katibu.

"Andika tu kwamba gari letu liliwahudumia walioumia. Kiswahili chako ni safi, watakuamini."

"Lilimhudumia nani?"

"Katibu, si mama alifika hospitali?"

"Alifika kwa mkokoteni."

"Mkokoteni, pikapu, wale watajuaje?" Akashusha sauti. "Fikiria wanachama. Wengine hawana hata sufuria."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alijua kujificha nyuma yao. Nilimwambia nitaandika. Akanishika mikono yote miwili, akaniachia anwani, akaenda zake ameridhika.

Niliandika mezani kwa mwenyeji wetu, bila kufuta neno. Gari la chama halikutoka mahali lilipoegeshwa siku zote za ghasia. Nikaeleza sababu, nikamtaja aliyekuwa na ufunguo. Kisha nikamsomea Kasyoka.

Alisikiliza huku akisugua goti lake.

"Jentrix na wenzake watakosa huo msaada?"

"Huenda wakakosa."

Alivuta kanga, akalifunika lile goti.

"Shivachi umemwita dereva," akasema. "Andika alisukuma."

Nikaandika. Nikaikunja barua, nikalamba gundi ya bahasha, nikaibana kingo kwa ukucha, nikavaa koti. Posta nilibandika stempu, nikaidumbukiza katika sanduku, nikasikia inagonga chini. Ilikuwa peke yake mle ndani.