Sahani Iliyozungushwa

Tangu aanguke kutoka juu ya lori na kupigiza kichwa, dereva waliyembatiza jina la Honi alikuwa anachoka hata kwa kukaa. Asubuhi hiyo alijikokota hadi hospitali na mkewe, funguo za lori mfukoni. Akifaulu kipimo, anarudi barabarani. Akishindwa, funguo zinarudi kwa tajiri, mwenye lori. Nyumbani majirani walishajaa sebuleni wakisubiri, kila mmoja na utabiri wake.

"Usibishane na daktari," mkewe alimwonya.

"Kwa nguvu zipi, mama watoto?"

Daktari, dada mwenye sauti ya upole, alimwekea karatasi iliyotapakaa nyota. "Zikate zote, kaka. Usiache hata moja."

Honi alikaribia kucheka. Mtu aliyekwepana na mabasi ya wendawazimu, leo anachorachora kama mtoto wa chekechea! Akakata, akakata, akaweka kalamu chini.

"Tayari."

"Zote?"

"Dada, haya ni macho ya lori. Zote."

Daktari aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaizungusha juu chini. Nyota tele zilizokuwa kushoto zikatokea kulia, hazijaguswa.

Honi akaganda. Kilichomshtua si nyota, ni ule mkono. Aliujua mzunguko ule. Kila akimaliza kula na kusukuma sahani, mkewe aliizungusha hivyo hivyo, taratibu, na chakula kikarudi. Naye huwatambia majirani: "Wangu ananiongezea bila kuombwa! Wenu je?" Wao hucheka huku wakitazama chini.

Ilibidi apinde shingo sana kumwona mkewe. Alikuwa ameketi kushoto.

"Kumbe hukuwa unaniongezea."

"Tangu uanguke, upande wa kushoto ulikuwa huuoni, baba watoto. Ningeanzaje kukwambia, na nyumba imejaa watu?"

"Na barabarani nani angenizungushia?"

Daktari akasema mazoezi ya kutazama kushoto yapo, kuna wanaorudi kwenye usukani na kuna wasiorudi, na kipimo kitarudiwa. Kwa sasa, hapana.

Walipofika nyumbani, sebule nzima ikadakia: "Vipi, Honi?"

Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Akaweka funguo mezani. "Mtu ampelekee tajiri."

Chakula kikaletwa, hakuna aliyethubutu kutania. Honi alikula hadi akaona kimekwisha. Mkono wa mkewe ukaanza kunyooka kuelekea sahani.

"Acha," alisema.

Akaizungusha mwenyewe, mbele ya wote, akaendelea kula.