Dirisha la Upande wa Mlima

Mzee yule, mchoraji mstaafu wa majengo ya reli, alikuwa na stesheni kumi na moja sebuleni kwake, zote za karatasi ngumu, zote za vijijini, hakuna iliyozidi ukubwa wa boksi la viatu. Mita moja ya jengo aliikata sentimita mbili. Majirani walimtania kwamba anasubiri treni ya sisimizi.

Utani uliisha siku behewa la mizigo lilipokatika, likateremka lenyewe kutoka mlimani na kubomoa ubavu mzima wa stesheni ya kweli, mojawapo ya zile alizoziiga. Mpiga kengele alivunjika miguu yote miwili. Mkuu wa stesheni, mume wa binti wa mzee, aliiambia tume ya uchunguzi kwamba ukuta ule haukuwa na dirisha, kwa hiyo asingeweza kuliona behewa likija. Michoro ya jengo ilishapotea zamani. Ikabaki stesheni ya karatasi, na tume ikataka iletwe Jumatatu asubuhi.

Jumapili mchana binti aliingia kwa baba yake. Hata kukaa hakukaa.

"Baba, lizibe lile dirisha."

"Nililipima kwa mkono wangu, mwanangu."

"Kipande cha karatasi tu! Nani atajua?"

"Mimi."

"Watamfunga, baba. Wajukuu zako utawaambia nini?"

Mzee akainuka. Akatoka uani kunawa uso, akakaa huko muda mrefu kuliko uso mmoja unavyohitaji. Aliporudi binti hayupo, na stesheni imeshatiwa kwenye boksi, imefungwa kamba. Hakuifungua. Alijiambia hana sababu ya kuifungua.

Kesho yake mwenyekiti wa tume aliikata kamba. Ukuta wa upande wa mlima ulikuwa mtupu, mweupe pee. Kazi safi, mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti kubandika bila kuacha mkunjo.

"Mzee, hivi ndivyo jengo lilivyokuwa?"

Mkwe wake alikuwa akitazama viatu vyake. Benchi la nyuma, binti amemkazia macho, hapepesi. Mbele kabisa, mpiga kengele kwenye kiti cha magurudumu, miguu imenyooshwa ndani ya plasta.

Mzee akanyoosha mkono, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Karatasi ikapasuka.

"Dirisha lilikuwa hapa," alisema.

Mlango wa nyuma ukabamizwa, binti ameshatoka. Ndipo mkwe akasimama.

"Ni kweli, lilikuwepo. Behewa sikuliona kwa sababu nilikuwa nimesinzia."

Alisimamishwa kazi palepale, na suala lake likapelekwa polisi. Nje, binti alimpita baba yake kama hamjui. Mzee alibaki juu ya ngazi akimtazama akienda, mpaka mkwe wake alipokuja kumshika kiwiko.

"Tushuke, baba," alimwambia. "Taratibu."

Wakashuka, kila mmoja na lake moyoni.